Sergei Eisenstein na bendera nyekundu katika filamu isiyo na rangi

Usiku wa Desemba 21, 1925, katika ukumbi wa Bolshoi mjini Moscow, watu waliokuwa wakitazama filamu ya rangi nyeusi na nyeupe waliona kitu kimoja tu kikiwaka wekundu: bendera iliyokuwa ikipanda mlingotini. Aliyeipaka rangi hiyo, kwa brashi na kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa mwongozaji wa filamu mwenye umri wa miaka 27. Miaka ishirini baadaye wekundu ulirejea tena katika kazi yake, na safari hiyo haukushangiliwa.

Kuondoa rangi zote katika picha na kuacha kitu kimoja tu na rangi yake ni jambo ambalo leo hufanywa na yeyote mwenye simu ya mkononi. Huchagua ua, mwavuli au midomo ya mtu, hugusa kwa kidole, na programu ya kuhariri picha humaliza kazi kwa sekunde chache. Urahisi huo ndio umeifanya mbinu yenyewe ichujuke, kwani mara nyingi rangi huachwa pale ilipo kwa sababu tu inawezekana kuiacha. Kwa Sergei Mikhailovich Eisenstein haikuwa hivyo. Alihitaji sababu kabla ya kuweka rangi mahali popote, na sababu zake zilihusu mambo ambayo watu wa nchi yake walikuwa wakiuana kwa ajili yake.

Mtoto wa msanifu majengo

Eisenstein alizaliwa Januari 22, 1898, mjini Riga, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya himaya ya Urusi na leo ni mji mkuu wa Latvia. Baba yake, Mikhail, alikuwa mhandisi na msanifu majengo aliyeheshimika. Nyumba alizozichora, zenye nyuso za mawe zilizofungua vinywa na mapambo yaliyojaa hadi juu ya paa, bado zimesimama katika mtaa wa Alberta na huvutia watalii hadi sasa. Mama yake, Yulia, alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa Saint Petersburg. Ndoa yao haikudumu. Mama alirudi kwao, na mtoto akakua kati ya miji miwili, akijifariji kwa kuchora, kwa sarakasi na kwa michezo ya kuigiza.

Baba alitaka mwanawe afuate nyayo zake, na kijana akajiunga na chuo cha uhandisi wa majenzi mjini Petrograd. Mapinduzi ya mwaka 1917 yakamkuta huko. Mwaka uliofuata alijiunga na Jeshi Jekundu, ilhali baba yake alichagua upande wa pili, upande wa Weupe. Baba na mwana wakawa katika kambi mbili zinazopigana, kambi zilizojulikana kwa majina ya rangi. Mikhail Eisenstein alikimbilia Ujerumani na kufariki mjini Berlin mwaka 1920. Kwa mtu aliyepitia hayo, nyekundu na nyeupe hazingeweza tena kuwa mapambo tu.

Jeshini, Eisenstein alichora mabango na kupamba treni zilizopeleka propaganda ya mapinduzi mikoani. Vita vilipoelekea ukingoni alikwenda Moscow kujifunza lugha ya Kijapani. Masomo hayo hakuyafikisha mbali, lakini alitoka nayo na jambo moja ambalo hakulisahau: katika maandishi ya Mashariki ya Mbali, alama ya maji ikiwekwa pamoja na alama ya jicho huleta maana ya kulia. Vitu viwili vinavyoonekana huzaa wazo la tatu ambalo halionekani. Juu ya msingi huo alijenga nadharia yake ya kuunganisha picha za filamu. Alifanya kazi katika jumba la michezo la Proletkult, akasoma kwa mwongozaji mashuhuri Vsevolod Meyerhold, akapita pia katika karakana ya Lev Kuleshov, na mwaka 1925 filamu yake ndefu ya kwanza, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda, ilionyeshwa hadharani.

Tatizo la wekundu

Mwaka huohuo serikali ya Kisovieti ilimkabidhi kazi ya kuadhimisha miaka 20 ya mapinduzi yaliyoshindwa ya mwaka 1905. Mpango wa awali ulikuwa filamu kubwa itakayoeleza matukio ya mwaka mzima. Hali ya hewa ya kaskazini ilipoharibika, kikosi chake kilihamia kusini, katika mji wa bandari wa Odessa, ulioko Ukraine. Huko Eisenstein aliamua kuacha mengine yote na kushika tukio moja: maasi ya mabaharia wa manowari Potemkin mwezi Juni 1905, yaliyoanza baada ya mabaharia kukataa kula nyama yenye funza.

Manowari yenyewe haikuwepo tena katika hali ya kutumika, hivyo sehemu kubwa ya matukio ya melini ilipigwa juu ya meli nyingine ya zamani, Mitume Kumi na Wawili, iliyokuwa imetia nanga Sevastopol. Ngazi kubwa za Odessa, zenye vidato 192 hivi leo, zikawa mahali pa tukio maarufu zaidi katika filamu hiyo, pale askari wanaposhuka kwa safu wakiwafyatulia risasi raia. Watu waliuawa kweli mjini humo mwaka 1905, ila mauaji ya ngazini kama yanavyoonekana katika filamu ni ubunifu wa Eisenstein. Mamilioni ya watu wameyaamini tangu hapo, na ngazi zenyewe baadaye zikapewa jina la Potemkin.

Bendera ilileta shida ya aina nyingine. Maasi yanapofaulu, mabaharia hupandisha bendera nyekundu, na hapo ndipo filamu inapogeuka kutoka huzuni kwenda ushindi. Lakini ukanda wa filamu uliotumika wakati huo haukuhisi mwanga mwekundu. Kitambaa chekundu mbele ya kamera kilitoka cheusi. Mtazamaji angeona bendera ya msiba, au ya maharamia, ikipanda juu ya meli ya wanamapinduzi.

Njia waliyoipata ilikuwa kupiga picha ya bendera nyeupe. Kitambaa cheupe kiliacha nafasi angavu na tupu juu ya ukanda, na nafasi hiyo ingeweza kupakwa rangi baadaye. Hivyo, jeshini mwa alama na rangi, mwana wa mfuasi wa Weupe alipandisha bendera nyeupe mbele ya kamera ili aweze kuigeuza kuwa nyekundu mezani kwake.

Kazi ya kupaka ilihusu picha 108, moja baada ya nyingine. Kila picha katika ukanda wa milimita 35 haizidi upana wa stempu ndogo ya posta, na bendera yenyewe ni sehemu ndogo tu ya picha hiyo. Mkono ukiteleza kwa unene wa unywele, kosa hilo hukuzwa mara mamia ukutani na rangi huonekana ikirukaruka nje ya kitambaa. Kazi yote hiyo ilizaa sekunde chache tu za wekundu.

Kupaka filamu rangi kwa mkono halikuwa jambo jipya. Mjini Paris, Georges Méliès alikuwa akipeleka filamu zake kwenye karakana ya Elisabeth Thuillier, ambako wanawake wapatao 200 walipaka kanda kwa brashi ndogondogo, kila mmoja akishughulikia rangi yake. Pia ilikuwa desturi kuchovya vipande vizima vya filamu katika rangi, bluu kwa usiku na nyekundu kwa moto. Lengo la kazi hizo lilikuwa hasa kupendezesha au kumwelekeza mtazamaji. Eisenstein aliiacha bahari, meli, anga na nyuso za watu katika kijivu chake, akanyima kila kitu rangi kwa muda mrefu, kisha akaitoa mara moja kwa kitu kimoja. Nguvu ya bendera ile ilitokana na kusubiri.

Ukumbi wa Bolshoi ulilipuka kwa makofi. Waliokuwa wameketi humo walikuwa watu wa chama na wa mapinduzi, wengi wao wakiikumbuka bendera hiyo katika maisha yao wenyewe. Eisenstein alisimulia baadaye kwamba usiku huo kipande cha mwisho cha filamu kilikuwa bado kimegandishwa kwa mate tu, kwa kuwa muda wa kukiunganisha vizuri haukupatikana, na kwamba kwa muujiza hakikukatika katika mashine.

Bendera inayopauka

Umaarufu wa filamu hiyo ulianzia Ujerumani. Ilionyeshwa Berlin katika majira ya kuchipua ya mwaka 1926, ikiwa na muziki mkali wa Edmund Meisel, baada ya mvutano na wadhibiti waliokata baadhi ya vipande vyake. Jeshi la Ujerumani liliwakataza askari wake kuitazama. Uingereza iliizuia kuonyeshwa hadharani hadi mwaka 1954. Mwaka 1933, Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Wanazi, aliitaja kama mfano wa kile ambacho watengenezaji filamu wa Kijerumani walipaswa kukifikia, sifa ambayo Eisenstein, mwenye asili ya Kiyahudi kwa upande wa baba, aliijibu hadharani kwa ukali.

Katika safari hiyo bendera ilipoteza rangi yake. Rangi ya mkono hukaa juu ya nakala iliyopakwa, haimo ndani ya ukanda asilia ambao nakala nyingine huchapwa kutoka kwake. Kila nakala mpya ilihitaji mtu wa kukaa nayo na brashi, na kwa miongo mingi nakala zilizozunguka duniani hazikupata mtu huyo. Vizazi vya watazamaji viliwaona mabaharia wa Potemkin wakishangilia chini ya bendera iliyopauka, karibu na nyeupe ya wapinzani wao. Ukarabati mkubwa uliofanywa Ujerumani chini ya usimamizi wa Deutsche Kinemathek, na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2005, ndio ulioirejeshea wekundu wake, pamoja na vipande vilivyokatwa zamani.

Wakati huo mbinu yenyewe ilikuwa imeshapita mikononi mwa wengine. Akira Kurosawa aliweka moshi wa waridi katika filamu yake isiyo na rangi ya mwaka 1963 kuhusu utekaji nyara wa mtoto, na Steven Spielberg akamvika msichana mdogo koti jekundu katika Schindler's List ya mwaka 1993.

Kazi zilizovunjika

Miaka iliyofuata ilimpa Eisenstein jina kubwa na mavuno machache. Alitembea Ulaya Magharibi, akaenda Hollywood mwaka 1930, ambako mipango yake yote na kampuni ya Paramount iliishia kwenye karatasi. Huko Mexico alipiga picha nyingi mno kwa fedha za mwandishi Upton Sinclair na wenzake, kisha fedha zikaisha, naye akarudi Moscow mwaka 1932 bila kuruhusiwa kuihariri kazi hiyo. Mwaka 1937 filamu yake kuhusu mtoto wa kijijini anayeuawa na baba yake ilisimamishwa na wakuu, naye akalazimika kukiri makosa yake hadharani, katika mwaka ambao wasanii wenzake walikuwa wakikamatwa. Meyerhold, mwalimu wake, alikamatwa mwaka 1939 na kupigwa risasi mwaka uliofuata.

Alijiokoa kwa Alexander Nevsky ya mwaka 1938. Filamu hiyo, yenye muziki wa Sergei Prokofiev, haina rangi, lakini inaonyesha jinsi alivyokuwa akiifikiria rangi hata alipoikosa. Wapiganaji wa Kijerumani, ambao ni wavamizi, amewavika nyeupe. Warusi wamevaa vazi la giza. Wakosoaji walishangaa, kwani walizoea nyeupe kuwa rangi ya wema. Eisenstein aliandika kwamba hakuna rangi yenye maana ya kudumu: kila kazi huipa rangi maana yake, na msanii anawajibika kwa maana hiyo. Karibu na mwaka 1940 alipanga filamu ya rangi kuhusu maisha ya mshairi Pushkin, akachora hata hatua za rangi zitakavyobadilika kadiri kifo cha mshairi kinavyokaribia. Filamu hiyo haikutengenezwa.

Karamu ya Ivan

Mwaka 1941 Kremlin ilimtaka atengeneze filamu kuhusu Ivan wa Nne, Tsar wa karne ya 16 anayejulikana kama Ivan wa Kutisha. Josef Stalin alimpenda mtawala huyo na alitaka aonyeshwe kuwa mjenzi wa dola. Vita vilipoikaribia Moscow, studio zilihamishiwa Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, ambako kazi ilifanywa zaidi usiku kwa sababu mchana umeme ulihitajika viwandani. Sehemu ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1945 na kupata Tuzo ya Stalin.

Sehemu ya pili ilikuwa ikiendelea kupigwa wakati vita vilipomalizika. Jeshi la Kisovieti lilikuwa limerudi na ngawira, ikiwemo kanda za rangi aina ya Agfacolor kutoka Ujerumani. Eisenstein alitazama filamu ya rangi iliyopigwa katika mkutano wa Potsdam, akaona kwamba nyekundu ilitoka vizuri, akaomba kupewa kanda hizo. Hazikutosha filamu nzima. Wengine wangeona hilo kuwa balaa. Yeye alikuwa ameshajua tangu bendera ya 1925 kwamba uhaba wa rangi unaweza kuwa mtaji.

Hivyo filamu inakwenda kwa kijivu muda mrefu, mpaka katika karamu ya Tsar. Hapo rangi inaingia kwa kishindo, nayo si rangi zote. Aliruhusu nne tu: nyekundu, nyeusi, dhahabu na bluu. Walinzi wa siri wa Ivan, waliokuwa wakiwaua watu kwa amri yake, wanacheza kwa fujo katika mashati mekundu na joho nyeusi. Katikati ya kelele hizo Tsar anamvika binamu yake Vladimir, kijana mlevi na asiye na akili nyingi, mavazi ya dhahabu ya kifalme, kama kwa mzaha. Kisha anamtuma mbele kwenda kanisani, ambako muuaji aliyetumwa kumwua Ivan anasubiri gizani. Vladimir anapoanza kuelewa, uso wake unageuka bluu. Msafara unapoingia kanisani rangi inanyonywa, na kisu kinashuka katika nyeusi na nyeupe.

Wekundu ule haukuwa tena wa bendera. Ulikuwa wa damu na wa moto, uliovaliwa na watu wanaoua kwa niaba ya dola huku wakicheza. Mtengenezaji wake alikuwa ameishi miaka ya 1930 mjini Moscow, na watazamaji wake wa kwanza pia.

Mwisho wa safari

Februari 2, 1946, alipomaliza kuihariri sehemu hiyo, Eisenstein alikwenda kwenye sherehe ya washindi wa Tuzo ya Stalin. Akiwa anacheza dansi alianguka kwa mshtuko wa moyo. Alipokuwa bado mgonjwa filamu ilitazamwa Kremlin, na Septemba mwaka huo Kamati Kuu ya chama ikailaani rasmi. Walinzi wa Tsar, ilidaiwa, walionyeshwa kama genge la wahalifu mfano wa Ku Klux Klan, na Ivan mwenyewe kama mtu dhaifu asiyeweza kuamua.

Usiku wa Februari 25, 1947, Eisenstein na mwigizaji Nikolai Cherkasov, aliyeigiza Ivan, waliitwa Kremlin mbele ya Stalin, Vyacheslav Molotov na Andrei Zhdanov. Mazungumzo yalihusu historia, sinema, hata urefu wa ndevu za Tsar. Stalin alisisitiza kwamba ukatili wa Ivan unaweza kuonyeshwa, mradi ionyeshwe kwa nini ulikuwa wa lazima. Eisenstein alikubali kuirekebisha filamu na kuomba asiharakishwe. Hakuigusa. Sehemu ya pili ilifichwa hadi mwaka 1958, miaka mitano baada ya kifo cha Stalin, ilipoonyeshwa hatimaye kama alivyoiacha.

Yeye hakuiona siku hiyo. Alifariki Moscow usiku wa kuamkia Februari 11, 1948, kwa mshtuko mwingine wa moyo, wiki chache baada ya kutimiza miaka 50, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy. Miongoni mwa karatasi za siku zake za mwisho kulikuwa na barua ndefu kwa Lev Kuleshov, yule ambaye karakana yake aliwahi kupita akiwa kijana, aliyekuwa akiandaa kitabu cha kufundishia uongozaji wa filamu. Barua hiyo ilihusu matumizi ya rangi, na haikuwa imekamilika.